Nyumbani wananiita nesi. Je, nipande mwendokasi?

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu nikiwa Dar, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakaa niandike. Naomba jina langu lisitoke. Wabongo wa Houston tunajuana wote. Ukikaanga vitunguu upande huu wa mji, wa upande ule wanajua kuna pilau.

Nina miaka 39, mume, na watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine 6. Nilisoma biashara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikafanya kazi benki miaka tisa, mitatu ya mwisho nikiwa afisa mikopo. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza, tukaja Texas miaka saba iliyopita. Nilikuja na jozi nne za viatu vya ofisini. Ziko kabatini mpaka leo, mbili bado zina karatasi ndani.

Mwezi wa tatu baada ya kufika nilikuwa nimeshamaliza kozi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Tangu hapo nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Naingia saa moja jioni, natoka saa moja asubuhi. Nalipwa dola 19 kwa saa. Mwanzoni nilikuwa nalia kwenye gari. Sasa silii.

Mama yangu yuko Muheza. Siku ya kwanza aliponiuliza kwenye simu nafanya kazi gani, nilimjibu, "Nahudumia wagonjwa, mama." Sikudanganya. Ila kesho yake mtaa mzima ulishajua kwamba mtoto wa fulani ni nesi Marekani, na mimi sikumsahihisha. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Siku hizi nikipiga simu, mashangazi wanaitana, "Njooni, nesi yupo hewani."

Kwa zaidi ya miaka miwili nimekuwa nikisoma jioni, somo moja moja, kwenye chuo cha jamii kilicho karibu: anatomi na fiziolojia sehemu zote mbili, maikrobiolojia, kemia, takwimu. Nimepata A tatu na B mbili. Vyeti vyangu vya Mlimani nilivipeleka WES, shirika linalopima vyeti vya nje, vikatathminiwa. Nikafanya na mtihani wa kuingilia. Mwezi uliopita chuo kimoja binafsi kimenipa nafasi ya kuanza Januari kwenye ile programu ya haraka, ya watu wenye shahada ya fani nyingine. Miezi 16 unatoka na shahada ya uuguzi. Mimi naiita mwendokasi, kama yale mabasi ya haraka ya Dar. Ada ni dola 68,000. Wametuambia wazi kwamba tusitegemee kufanya kazi tukiwa masomoni. Ili kushika nafasi nilipe dola 1,000 ndani ya wiki tatu, na hazirudishwi.

Njia nyingine ni hicho chuo cha jamii. Wana programu ya uuguzi ya miaka miwili, yote kwa jumla kama dola 11,000. Ukimaliza unafanya mtihani uleule wa leseni na unakuwa RN, nesi mwenye leseni kamili, yuleyule, ila bila shahada ya uuguzi. Tatizo ni kwamba maombi yanafungwa Februari, wanachagua kwa alama, wengi wanaachwa, na masomo yanaanza Agosti. Nitakuwa nimetimiza 40 kabla hata sijaingia darasani.

Mume wangu anaendesha lori. Anatoka wiki mbili, wakati mwingine tatu, anarudi siku nne. Tunajenga Kibaha na nyumba imefika kwenye lenta. Nilipomwonyesha barua ya chuo aliisoma yote, akanyamaza, halafu akasema, "Deni la dola 68,000. Na ukishindwa?" Nilimwambia ahsante kwa kuniamini, nikaenda kulala. Hatujaizungumza tena.

Sijui kama hili linahusika, lakini nitalisema. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, mwalimu mstaafu, mtu wa utani sana. Usiku mmoja mwaka jana nilimkuta hajagusa kahawa yake, na yeye bila kahawa hapatikani. Akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Mikono ilikuwa inachezea shuka. Joto la mwili lilikuwa la kawaida kabisa. Nilimwambia nesi wa zamu kwamba huyu leo si yeye. Akaja, akamtazama, akampigia daktari, wakachukua mkojo. Ulikuwa na maambukizi, na yalishaanza kumchanganya akili. Alipopata nafuu hakukumbuka chochote. Nesi yule aliniambia, "Una jicho." Nilirudi nyumbani asubuhi ile nikashindwa kulala, kwa furaha.

Na hili la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia picha ya vidonge vya presha vya mama. Mama alikuwa anasikia kizunguzungu, wakataka niwaambie kama akate nusu. Nilikaa na ile simu mkononi. Mwishowe nilimpigia nesi mwenzangu, mwenzangu nasema, akaniambia wasiguse kitu, mama apelekwe apimwe. Wakampeleka hospitali ya Bombo, akabadilishiwa dawa, yuko salama. Lakini kwa yale mazungumzo ya dakika kumi nilitetemeka kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Hivyo, Mama, nataka niwe kweli kile wanachoniita, na nataka iwe haraka. Marafiki zangu wananiambia, "Lipa, wewe, miezi 16 ni kufumba na kufumbua." Mume wangu hasemi kitu. Nilipe hiyo elfu moja?

Nesi Asiye Nesi,
Houston, Texas

•

Marahaba mwanangu. Hujambo? Na mama presha yake inaendeleaje?

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya kujibu niliwatafuta wauguzi wawili waliopita huko, mmoja kwa njia ya miezi michache na mwingine kwa njia ya chuo cha jamii, wakanieleza mengi ambayo sikuyajua. Nitakuletea waliyonipa, pamoja na ya kwangu. Kuhusu hiyo elfu moja, sitakwambia ulipe au usilipe. Jibu la hilo liko kwenye nyumba ambayo mimi siijui, ya watu wanne, mmoja wao akiwa barabarani na lori.

Unaniuliza upande gari gani. Umenieleza nauli, umenieleza muda, umenieleza vituo. Lakini kila nikirudia barua nakuta maswali mengine yamejibana pembeni. Lipo la fedha, ambalo ni la kweli na zito. Lipo la mume, ambaye umemnukuu sentensi mbili tu. Na lipo la Muheza, ambalo nadhani ndilo linalokanyaga mafuta.

Nianze na kitu nilichokiona. Barua yako imejaa watu wanaokutazama: mashangazi, marafiki, mume, Wabongo wa Houston na vitunguu vyao. Katika aya moja tu hakuna anayekutazama, ile ya mzee na kahawa. Pale upo wewe na mtu mgonjwa, unagundua kitu ambacho kipimajoto hakikukiona. Wauguzi wote wawili niliowasomea aya ile (bila kutaja chochote chako) walicheka kwa kuitambua. Mmoja alisema kwamba kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao bado hawajui kuwa mzee anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo bila homa, akaanza kuchanganyikiwa tu. Wewe unaandika, "sijui kama hili linahusika." Ningependa ukae na sentensi hiyo kidogo. Kama ungekuwa na hakika kwamba hakuna hata mtu mmoja nyumbani atakayejua, milele, ungeutaka uuguzi bado? Nauliza kwa kutaka kujua. Aya ile inanifanya nidhani jibu ni ndiyo, lakini huenda nimekusomea vibaya.

Nauliza pia kwa sababu usije ukafikiri leseni itakutoa kwenye kuogesha. Hao wauguzi walinisisitizia hili: nesi wa Marekani naye anaogesha, anabadilisha nepi, anageuza mtu kila baada ya saa mbili. Kinachoongezeka ni dawa, maamuzi, na lawama.

Sasa hiyo mwendokasi. Jina umelipatia, maana Dar tunajua sifa zake: ina njia yake, haikwami kwenye foleni, lakini ukipitishwa kituo chako hairudi nyuma. Masomo ya miezi 16 si mepesi kuliko ya miaka miwili. Ni mzigo ambao wengine huubeba kwa mihula mingi umefungwa kwenye mfuko mdogo. Nilielezwa wiki ilivyo: mihadhara siku mbili tatu, hospitalini kwa mafunzo ya vitendo siku mbili ambapo unatakiwa uwe wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mtihani karibu kila wiki. Shule nyingi za uuguzi huko hazihesabu 70 kuwa umefaulu. Mstari uko kwenye 75 au juu zaidi, na 74.9 haipandishwi. Ukianguka masomo mawili, mara nyingi unaondolewa. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo: ukiondolewa mwezi wa kumi na moja, deni linabaki zima, leseni hakuna, na vyuo vingine hupokea kwa shida sana masomo ya uuguzi uliyoyaanzia kwingine.

Jambo jingine ambalo sisi tuliosomea nyumbani hatuambiwi mapema ni maswali yenyewe. Sisi tulifundishwa kuujua ukweli na kuuandika. Kule unapewa majibu manne, yote ya kweli, uchague ambalo nesi angelifanya kwanza. Au unaambiwa chagua yote yanayofaa, bila kuambiwa ni mangapi. Ndivyo ulivyo mtihani wa leseni, NCLEX, na toka Aprili 2023 umeongezewa visa virefu vya wagonjwa vinavyopima namna unavyofikia uamuzi. Kompyuta inakupa maswali kati ya 85 na 150, kadiri inavyohitaji ili ijiridhishe na wewe. Watu wenye A za maikrobiolojia hujikuta muhula wa kwanza wana 68 na hawaelewi kimetokea nini. Wengi huzoea, ila kuzoea kunataka wiki kadhaa, na katika miezi 16 wiki kadhaa ni sehemu kubwa.

Upande wa pili nao niuseme kwa haki. Umeshamaliza masomo ya awali, tena ukiwa na kazi ya usiku na watoto. Wodi huiogopi. Hesabu za dozi, zinazowatoa jasho wenzako, kwako wewe wa benki ni mchezo. Na zipo hospitali kubwa, zikiwemo za pale Medical Center, mtaa wa hospitali hapo Houston, zinazopendelea wenye shahada, au zinazomwajiri wa miaka miwili kwa sharti kwamba aimalizie shahada ndani ya muda fulani. Ukitoka na shahada mkononi, mlango huo umeshaupita.

Mwanangu, wewe ulikuwa afisa mikopo. Hebu vaa vile viatu vya kabatini, ukae upande wa pili wa meza, na mwombaji anayeingia ni wewe. Ungemuuliza nini?

Mimi nimejaribu hesabu kwa namba zako. Ada zinatofautiana dola 57,000. Ongeza mshahara utakaoukosa: tuseme ukiwa chuo cha jamii ungebaki na saa 24 kazini kwa wiki, kwa dola 19 ni dola 456, na kwa miezi 16 zinakaribia 31,500 kabla ya kodi. Basi mwendokasi inakugharimu kama dola 88,500 zaidi. Kwa upande wa faida, unamaliza mwaka mmoja mapema. Muuguzi mmoja niliyeongea naye alianzia dola 35 kwa saa huko Texas. Kwa saa 36 za wiki ni kama 65,500 kwa mwaka. Toa 23,700 ambazo ungezipata mwaka huohuo ukiwa CNA wa nusu zamu, inabaki kama 42,000. Pengo ni dola 46,000 au zaidi kidogo, kabla ya riba kulizidisha na kabla ya gharama za kuimalizia shahada baadaye kulipunguza. Hesabu peke yake inaegemea chuo cha jamii. Lakini ni hesabu inayodhani kuwa chuo cha jamii kitakuchukua, na nafasi hiyo bado huna. Ile nyingine unayo barua yake. Afisa mikopo yeyote anajua tofauti ya mali iliyopo na mali inayotarajiwa.

Umeuliza fedha zinatoka wapi? Hukuniandikia, na hilo limenitia wasiwasi kidogo. Kwa kuwa una shahada tayari, hata kama ni ya Mlimani, huwezi kupata ruzuku ya Pell ya serikali yao, ile isiyorudishwa. Watu wengi wa kwetu huligundua hili baada ya kulipa. Unaweza kupata mkopo wa serikali, ambao kwa mtu wa hali yako una kikomo cha dola 12,500 kwa mwaka mmoja wa masomo. Ukitoa hizo kwenye 68,000 unaona mwenyewe kinachobaki, na hicho kitajazwa na mkopo wa kampuni binafsi, wenye riba kwa kadiri ya historia yako ya mikopo, na mara nyingi wenye kutaka mdhamini. Mdhamini ni nani? Kama ni mumeo, basi "na ukishindwa?" ni swali la mtu ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi.

Upo ufadhili wa serikali unaoitwa Nurse Corps, unaolipa ada na posho, nawe unarudisha kwa kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu wa wauguzi. Raia wanaomba, na wenye grinikadi pia. Nafasi hazitoshi watu wote, ila fomu ni bure. Zungumza vilevile na mwajiri wako, na hospitali za karibu. Baadhi hulipia masomo ya mtu kwa mkataba wa kubaki nao. Soma mkataba kama ulivyokuwa ukiwasomea wateja wako yale maandishi madogo.

Na chuo chenyewe kichunguze kama unavyochunguza dhamana. Bodi ya Uuguzi ya Texas inachapisha orodha ya shule ilizoziidhinisha na asilimia ya wahitimu wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza; shule inatakiwa isishuke chini ya 80. Angalia miaka kadhaa, usiangalie mmoja. Angalia kama programu ina ithibati ya shirika la CCNE au la ACEN, yanayokagua ubora wa shule za uuguzi, maana bila hiyo hospitali nyingine hazikuajiri na masomo ya juu yanakuwa magumu. Halafu uliza swali wasilopenda kuulizwa: katika kila wanafunzi 40 walioanza, wangapi walimaliza kwa wakati? Asilimia 95 ya ufaulu haina maana kubwa kama nusu ya darasa waliondolewa kabla ya mtihani. Sisemi chuo chako kina kasoro. Ila Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya vyeti vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyouzwa na shule za Florida, na miongoni mwa walionunua walikuwamo watu waliochoka kusubiri. Uchovu wa kusubiri naujua, na wewe unao.

Wakati unauliza, uliza na hili: je, kuna kundi lingine la kuanza Mei au Agosti, na nafasi yako inaweza kusogezwa? Programu nyingi za aina hii zina makundi zaidi ya moja kwa mwaka. Wiki tatu zinaweza kuwa ukuta wa kweli. Zinaweza pia kuwa namna ya biashara ya kukufanya usifikirie. Ukipata miezi minne ya ziada utakuwa umejua kama chuo cha jamii kimekuchukua, na mkopo utakuwa umeuona kwa macho. Kuna pia njia ya katikati ambayo Texas wanaiita LVN, kama mwaka mmoja, unapata leseni ya kutoa dawa na mshahara unapanda, kisha unaunganisha kuwa RN. Ni njia ndefu zaidi kwa jumla na kwa mwenye shahada wengi wataiona ya kuzunguka. Nimeitaja kwa sababu familia ikikukatalia njia moja ni vizuri uwe na nyingine mkononi. Na ile miaka tisa ya benki pia haijaoza. Hospitali zina ofisi za fedha na za bima. Inawezekana uliwahi kuomba ukakataliwa, hukusema.

Kuhusu umri, sina la kusema ila hili: Agosti ikifika utakuwa na 40 ukiwa darasani au ukiwa kwenye nyumba ya wazee.

Sasa mumeo. Ulisikia tusi. Labda lilikuwa tusi. Mimi sikuwepo, sauti sikuisikia, wala simsemei. Lakini ulisema aliisoma barua yote, na kwamba alinyamaza kwanza. Mtu anayedharau hasomi yote. Mwanamume anayelala kwenye kibanda cha lori siku 20 anafanya hesabu nyingi gizani, na huenda "na ukishindwa?" ndiyo sentensi pekee aliyoweza kuitoa kwenye hesabu hizo. Nyumba ya Kibaha kwenye lenta inaweza kusubiri; kuta hazili. Lakini je, anaogopa nyumba, au anaogopa kurudi siku ya kumi na nane akute watoto wamelala na viatu?

Maana umeniandikia kurasa mbili, na hukusema nani atawaamsha hao watoto. Ukitakiwa wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na baba yao yuko Arizona, wa miaka 6 anapandishwa basi la shule na nani? Wa miaka 11? Kila mwanamke niliyemuuliza kuhusu masomo haya alianza na jibu hili kabla ya ada. Mmoja alimleta mama mkwe kwa viza ya kutembea, miezi sita, ikawa nusu rehema nusu mtihani wa pili. Mwingine alibadilishana na jirani Mkenya: "Mimi nakuchukulia wako jioni, wewe nipandishie wangu asubuhi." Huo mpango, ukiuandika kwenye karatasi kabla mumeo hajarudi, utazungumza naye vizuri kuliko barua ya chuo. Mpe na ile hesabu ya dola 46,000. Mwonyeshe pale unapoogopa. Mpaka sasa umemwonyesha nafasi uliyoipata tu, ikabidi hofu yote aibebe yeye.

Nimeiacha Muheza mwisho kwa sababu hapa nitasema wazi zaidi kuliko kwingine. Unataka leseni ije haraka iufunike ule uongo, ili siku moja uwe haujawahi kuwa uongo. Naielewa hiyo hamu, na sikuhukumu. Nani hajawahi kumwacha mama yake aamini kitu kizuri? Lakini hata mwendokasi ni miezi 16, kisha NCLEX, kisha leseni. Chuo cha jamii ni zaidi. Katika muda huo binamu atatuma picha nyingine ya vidonge. Safari ile ulimpata nesi mwenzako akiwa macho. Safari nyingine je? Huko Texas hata hilo jina "nesi" sheria inalilinda, halivaliwi na asiye na leseni, na sababu yake ni usiku kama ule.

Sikwambii uitishe mkutano wa ukoo. Huenda inatosha kumwambia binamu peke yake: "Mimi ni msaidizi wa wauguzi, naanza masomo ya uuguzi, mambo ya dozi msiniulize, nendeni Bombo." Huenda utaanza na mama. Ukianza na mama, usianze na kuomba radhi. Msimulie habari ya yule mwalimu na kahawa, mwanzo hadi mwisho, na jinsi ulivyojua. Sijui atasema nini. Anaweza kuumia, anaweza kununa wiki nzima, mashangazi wanaweza kukuita jina jingine. Hilo ni la kulipima wewe unayemjua. Nadhani tu kwamba ukiamua kuhusu chuo ukiwa umeshaitua hiyo simu, unaweza kukuta miezi 16 na miaka miwili haviko mbalimbali kama vinavyoonekana sasa. Au ukakuta bado unaitaka mwendokasi, kwa sababu zako mwenyewe, na hapo ungekuwa na jambo la kumwambia mumeo.

Niandikie tena mkishazungumza, hata mistari miwili, uamuzi wowote mtakaoufikia. Na yule mzee, siku hizi kahawa yake anaimaliza?